Sauti Ndani ya Mninga

Jumapili, 15 Septemba

Ile sauti haijaniacha. Tik-tik-tik-tik, kimya, kisha tena. Sauti kavu, kama mtu anatikisa ulezi kwenye ungo mdogo, ila ndani ya ukuta. Nilidhani ni mvua. Mvua mwezi wa tisa, Tabora! Bati lenyewe linalia kwa jua, na mimi nasikia mvua.

Nilikuwa nimekaa chini chumbani kwa bibi, nimeegemea fremu ya mlango, nasoma. Nikageuka, sikio likagusa ubao. Imo humo humo. Nikagonga kwa kidole — ikajibu. Naapa ilijibu! Kama watu wengi sana wanaopiga makofi kwa kucha.

Nikaleta kisu cha jikoni. Nilitaka kuchokoa tu. Kikazama mpaka mpini, bila nguvu, kama kwenye mkate. Nilipokichomoa kilitoka na udongo mbichi na mchwa wachache, vichwa vikubwa vyekundu, wameng'ang'ania chuma kwa meno. Chuma!

Bibi alikuwa kitandani anavua viatu vya kanisani. Nikamwambia, mlango wako umeliwa. Akasema huo ni mninga, mninga hauliwi na mchwa. Nikamwonyesha kisu. Akakitazama, akasema basi kisu chako kikali.

Sikucheka.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeizunguka nyumba yote, ndani na nje, na tochi ya simu. Ni fremu ile ya bibi, inayotokea barazani. Ni boriti ya juu yake. Ni ukuta wa mbele, nyuma ya picha ya Bikira Maria: nimeiondoa nikakuta vijia vya udongo vimepanda mpaka darini, vyembamba, vimejikunja kama mishipa ya mkono wa mzee. Nimevikwangua. Nimerudisha picha. Nimeomba radhi.

Bibi amesema nusu ya ukweli. Kiini cha mninga, ile sehemu nyekundu ya katikati, bado ni kigumu. Wamekula pembeni palipo peupe, wakajaza udongo, wakaacha rangi ya juu ikae kama ngozi. Fundi wa zamani alipasua mti mzima bila kutupa chochote. Na sisi sote, ukoo mzima, tumelala miaka yote tukisema mninga, mninga.

Nyumba hii babu Raymundi aliijenga kabla baba yangu hajazaliwa, hapa njia ya Kwihara. Matofali yake ni udongo wa kichuguu kilicho nyuma ya jiko. Bibi husema nyumba ni mtoto wa kichuguu. Babu hayupo. Baba yangu hayupo. Mama yuko Nzega na kazi yake ya uuguzi. Tumebaki mimi, bibi Levina, na shahada yangu ya historia iliyo kwenye bahasha juu ya kabati. Natumaini hawajaifikia.

Jioni nimempigia baba mdogo Emilian, Kaliua. Alisikiliza kidogo. Akasema, "Mwanangu, udongo ni udongo, una umri wake." Kabla sijajibu bibi akaninyang'anya simu. Hakuuliza mlango. Aliuliza kama kawaida: mizinga ya baba yako uliyoipeleka huko, nyuki wameingia? Nikasikia sauti ndogo ya baba mdogo ikisema ipo, mama, ipo.

Bibi akanirudishia simu, uso umefunguka. Simu ilikuwa imeshakatwa.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimekwenda Kanyenye, dukani kwa kina Najiat. Wanauza vifaa vya ujenzi. Tulikaa dawati moja sekondari. Nikamweleza kila kitu, nikamweleza hata tofauti ya mchwa mfanyakazi na mchwa askari.

"Shoga, umekuja kununua dawa au umekuja kuhutubia?"

Nikasema vyote.

Akaniambia kwao waliwahi kumwaga oili chafu mpaka kuku wakawa weusi, mchwa wakahamia kwa jirani, jirani akaacha kuwasalimia. Akanipa chupa ya dawa, glavu, barakoa, na ushauri: chimba mfereji kuzunguka msingi, changanya na maji, mwaga, fukia. Kisha akanitazama mikono. "Na hivi vidole vya kushikia kalamu! Utachimba wewe?"

Mimi.

Kila mtu ananiambia ningoje. Ningoje ajira. Ningoje mchumba. Ningoje baba mdogo aamue. Mchwa hawangoji mtu.

Jumamosi, 28 Septemba

Baba mdogo alikuja jana na treni, leo asubuhi karudi. Ameleta mchele na samaki wakavu, si haba. Shikamoo, marahaba, umekonda mwanangu. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye fremu, akabonyeza kwa dole gumba. Dole likaingia. Akacheka! Akaliacha humo kwanza, akanigeukia kama mtu aliyepata ushahidi.

"Msomi wetu, hii ni nyumba au ni biskuti?"

Akakaa barazani. Lile baraza la saruji ni lake, alilijenga mwaka babu alipofariki, wakati bibi yuko Nzega kwa dada yake na mimi niko chuoni Dodoma. Limeinuka, limenyooshwa vizuri, kona moja ameandika jina lake kwa msumari kabla halijakauka: EMILIAN. Akija hukaa hapo tu, amenyoosha miguu, kama anatazama ng'ombe wake.

Alisema maneno yake bila ukali. Angekuwa mkali ningemjibu. Kiwanja kiko barabarani, wapo wanaotaka kujenga maduka. Mama amezeeka, yeye ndiye mtoto wa kiume aliyebaki, hawezi kuulizwa na watu kwa nini mama yake aliangukiwa na boriti. Atakuja sikukuu ya Watakatifu Wote, tusali pamoja kwenye kaburi la babu Siku ya Marehemu, kisha amchukue. Kama mchwa bado wapo, mjadala umefungwa.

"Na kama hawapo?" nikauliza.

"Mchwa? Hapa?" Akatikisa kichwa. "Mjerumani kapita, Mwingereza kapita. Mchwa wapo."

Nilimgeukia bibi. Nilitegemea aseme siendi. Badala yake akauliza kama kutoka nyumbani kwa Emilian hadi ilipo mizinga ni mbali. Baba mdogo akanywa chai. Akasema si mbali sana, mama. Ni porini kidogo.

Bibi akasema, basi nitaiona.

Nilitaka kupiga kelele.

Jumatano, 2 Oktoba

Nachimba. Mgongo wangu ni wa mtu mwingine. Ardhi ya kiangazi ni tofali tupu, jembe linarudi juu. Namwagia maji jioni, asubuhi nachimba. Viganja vimetoka malengelenge, yamepasuka, yameota mengine. Majirani wanapita: "Pole na kazi, unapanda nini?" Nawaambia napanda nyumba.

Bibi ananiletea uji na kunitania. Mke mwenzangu, ananiita, kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu. Mke mwenzangu, mume wetu angekuona angekuongezea khanga.

Jumapili, 6 Oktoba

Mfereji umekamilika pande tatu. Upande wa mbele nimeshindwa. Kuna baraza la baba mdogo, saruji imeshikamana na ukuta. Nimemwaga dawa pande zote nilizoweza, nimepiga na ndani ya fremu kwa bomba la sindano. Nimefukia. Nimekwangua kila kijia.

Nimeweka sikio. Kimya!

Nimeruka kama mtoto. Bibi kaniuliza nimepata ajira?

Ijumaa, 11 Oktoba

Wamerudi.

Kijia kipya nyuma ya Bikira Maria. Kibichi, kinang'aa unyevu. Sikio kwenye fremu: tik-tik-tik. Nimekaa sakafuni nikalia, kisha nikasimama, kisha nikatoka nyuma nikakitazama kichuguu. Kipo tangu zamani, kirefu kunizidi, chekundu, kimetulia kama mnara wa kanisa. Ndani yake yuko malkia mnene anayetaga usiku na mchana. Ni yeye. Nani mwingine? Wametoka kuja kudai udongo wao, tofali kwa tofali.

Nimechukua sururu.

Bibi alinitangulia, sijui alijuaje. Akaja na kigoda chake, kile alichochonga babu, chenye alama yake ya unyayo wa kuku ubavuni. Akakiweka mguuni pa kichuguu, akakaa, akaanza kuchambua mlenda.

Nikamwambia bibi, ondoka.

Akasema alipoletwa bibi harusi, mama mkwe wake alimshika mkono akamleta hapa, akamwambia: nyumba ni ya mume wako, hiki ni chako. Kila mvua za kwanza anakifunika kwa matawi na blanketi kuukuu, anakaa pembeni anagonga vijiti viwili, tik-tik-tik, kumbikumbi wanadhani mvua imekolea, wanatoka kwa wingi, wanaingia kwenye ndoo. Mtaa mzima unapata bakuli. Hata shangazi zake Najiat, mjini, wanapelekewa.

"Bibi, kumbikumbi ni mchwa! Ni mchwa wenye mabawa!"

"Najua. Wao wananilia mlango, mimi nawala wao. Tumeishi hivyo."

"Baba mdogo atakuhamisha kwa sababu yao!"

Akaendelea na mlenda. Kisha akasema, pole pole, kwamba Kaliua angalau kuna mizinga.

Jumanne, 15 Oktoba

Leo nimesubiri aende jumuiya. Nilipoona khanga yake imepinda kona nikachukua sururu. Nataka niandike wazi: nilikusudia kumuua malkia. Sikusita hata kidogo.

Pigo la kwanza likabomoa ubavu. Askari wakafurika. Bonge la udongo likaanguka mguuni kwangu, nikaliokota ili nilitupe.

Jekundu. Jekundu kama kigae.

Nikabaki nimelishika. Kijia cha nyuma ya Bikira Maria si chekundu. Nilikikwangua kwa kucha zangu mwenyewe, nilikuwa nacho mpaka kwenye nywele! Ni cha kijivu. Kijivu chenye chembe ngumu zinazokwaruza.

Nikakimbia ndani. Nikavunja kijia kingine, nikakiweka kwenye kiganja kimoja, bonge la kichuguu kwenye kingine. Hata mtoto angeona. Mchwa hujenga kwa udongo wa pale anapoishi. Hawa hawaishi kwenye kichuguu. Hawajawahi.

Nimekandika tope kwenye ubavu nilioubomoa, nimelainisha kwa kiganja. Bibi aliporudi alipita nyuma kwenda chooni, akasimama, akatazama. Akasema, "Panya wa siku hizi wana sururu."

Sikuinua macho. Lakini nimefurahi vibaya sana. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu nilikuwa tayari kuvunja chake kwa ajili ya kumwokoa, na nikazuiwa na rangi tu.

Jumapili, 20 Oktoba

Kijivu. Wapi kuna udongo wa kijivu kwenye kiwanja hiki? Nimechimba vishimo kila mahali, nafanana na kuku. Mwekundu, mwekundu, mwekundu, mchanga wa njano karibu na barabara. Hakuna kijivu.

Mchana bibi alikuwa anatwanga kisamvu nyuma. Nikamsikia mchi: du, du, du. Nikainuka. Nikamwomba mchi. Akaniuliza unataka kutwanga nini, ukuta?

Nikaenda barazani. Nikagonga saruji kuanzia mwisho wa mbali. Ngumu. Ngumu. Nikasogea kuelekea mlango wa bibi. Ngumu. Kisha — bum. Sauti ya ngoma. Nikagonga tena, bum, eneo lote la mbele ya mlango, mpaka kwenye kona yenye jina la baba mdogo.

Chini ya hapo ni patupu. Na kifusi alichojazia baba mdogo, nakumbuka sasa alivyojisifu, kilikuja na lori kutoka kwenye ujenzi mjini. Vumbi la saruji. Kijivu.

Mchwa hawakutoka nyuma. Wako barazani kwetu kwa mwaliko.

Jumatatu, 21 Oktoba

Najiat amenikopesha nyundo na patasi. "Ukivunja baraza la Emilian, usiseme nyundo ni ya kwetu."

Nimeanza na kona ndogo tu, ukutani, ambapo nitaweza kuziba. Saruji yenyewe ni nyembamba! Anavyoitambia, kumbe ni gamba. Patasi ikapita, ikatoka harufu. Udongo mbichi, na kitu kingine. Kitu kitamu, cha zamani. Nikaingiza mkono.

Nta. Ilikuwa harufu ya nta.

Nilitoa kipande cha ubao wa mviringo, kama kifuniko. Upande mmoja umeliwa umebaki mifereji, kama ramani. Upande wa pili nikaufuta kwa khanga. Unyayo wa kuku. Mstari mmoja, mikato mitatu mbele.

Ni mzinga wa babu.

Nikamulika kwa simu. Imepangwa humo, magogo ya mizinga, mmoja juu ya mwingine, yote, imejaziwa kifusi. Aliitumia badala ya mawe. Mti mtupu, mkavu, wenye nta, chini ya saruji, chini ya mlango wa mama yake. Mchwa gani angekataa?

Haikwenda Kaliua. Haijawahi kwenda Kaliua.

Nimeziba tundu kwa jiwe. Nimeosha mikono mara nyingi. Harufu haitoki.

Alhamisi, 24 Oktoba

Sijamwambia. Siku zote hizi namtazama akila, akisali, akichambua mchele, na nasikia mdomo wangu umejaa udongo.

Babu alirina asali maisha yake yote. Alipokuwa mgonjwa alimwambia bibi, usiache mizinga ilale chini. Hiyo tu. Hakusema habari ya nyumba wala kiwanja. Na bibi miaka hii yote amekuwa na amani kwa sababu iko juu ya miti, porini, Kaliua, mikononi mwa mwanawe.

Nikisema, namvunja. Nisiposema, atapanda treni kwenda kutafuta kitu ambacho kiko mlangoni pake.

Nawaza pia ubaya wangu. Nina silaha sasa. Naweza kumpigia baba mdogo simu na kumwambia najua, tuache. Angeacha. Bibi angebaki hapa bila kujua, na mchwa wangebaki pia, tukae sote juu ya uongo mmoja unaotafunwa. Nimeiwaza hiyo njia kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kuandika.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo ameanza kufunga mfuko. Khanga mbili, rozari, kikombe chake. Kisha akavuta kutoka chini ya godoro kitu kimefungwa kwenye gazeti lililobadilika rangi. Bonge la nta, jeusi, la mwisho la babu. Akaninusisha. Alisema nyuki hawaingii kwenye mzinga uliosahauliwa. Lazima uupake nta, wajue kuna mtu. Ataipaka mwenyewe. Emilian hajui kupaka, tangu utotoni alikuwa anaogopa nyuki.

Nikashindwa. Nikamshika mkono. Nikamtoa nje, nikaondoa jiwe.

Alipiga magoti kwa shida, akaingiza mkono wake kwenye tundu mpaka kwenye kiwiko, kichwa amekigeuzia upande wangu, macho ameyafumba. Niliona vidole vyake vikitembea humo kwa namna mkono wake ulivyokuwa ukisogea. Vikasimama. Alikuwa ameifikia alama.

Alikaa hivyo mpaka nikaogopa. Kisha akautoa mkono. Akasema kwa Kinyamwezi neno ambalo sikulisikia vizuri, na kisha kwa Kiswahili, kwangu:

"Funika."

"Bibi —"

"Funika, Bertila. Ni mwanangu."

Ameniita jina langu. Sikumbuki lini mara ya mwisho.

Nimefunika.

Jumatano, 30 Oktoba

Mfuko uko mlangoni. Nta ameiacha juu ya meza, hajairudisha mfukoni, hajairudisha chini ya godoro.

Leo nilimwuliza: utakwenda Kaliua kufanya nini sasa? Akasema mtu hamwaibishi mtoto wake mbele za watu. Nikasema hakuna watu, ni sisi. Akasema majirani wana macho. Akiuliza mtu baraza limevunjwa kwa nini, utasema nini?

Nitasema kweli, nikamwambia.

"Ndiyo maana nakuambia funika."

Halafu, mchana, boriti ya mlangoni kwake imeshuka. Si kuanguka — imeshuka, upana wa kidole, na vumbi la kijivu likamwagika juu ya shuka. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni. Alilitazama lile vumbi. Alilikung'uta kwa mkono, akatandika shuka upya.

Ndipo nilipoelewa. Atalala chini ya boriti ile mpaka Emilian aje. Ataiacha nyumba ya mume wake ianguke kuliko kumwacha mwanawe aonekane.

Mimi siwezi. Nampenda, na siwezi.

Ijumaa, 1 Novemba

Nimeshavunja.

Naandika nimekaa kando ya mchongoma wa mbele, herufi zinakimbia. Nilianza alfajiri, kabla ya kengele ya misa. Sikwenda misa — Watakatifu Wote watanisamehe, wengine walikuwa mafundi. Nilianzia kwenye ile kona yenye jina. Nilisema moyoni, baba mdogo, shikamoo, nikapiga. Saruji ilivunjika kama ganda la yai. Nilipiga mpaka bega likafa ganzi, nikabadilisha bega.

Bibi alikuwa chumbani, mlango umefungwa. Alisikia kila pigo. Pale ni hatua chache tu kutoka kitandani kwake. Niliiwekea boriti nguzo usiku wa juzi, kwa hiyo juu yake palikuwa salama. Nilitegemea atoke anikataze. Ningeendelea. Nilikuwa nimeshajiambia kuwa ningeendelea hata akilia. Hakutoka. Hakukataza.

Majirani walisimama barabarani. Mmoja akauliza, "Msomi, kuna nini?" Nikasema kuna mchwa. Ni kweli. Sikusema zaidi. Hilo nimelitunza kwa ajili yake.

Nimeitoa yote. Mizinga mingi ni maganda matupu, ukiishika inakubakia mkononi kama mkate wa jana. Chini yake kulikuwa na mji mzima wa mchwa, bustani zao za kijivu, vyumba, vijia, na malkia wao, yule wa kweli, nimemwona. Sitaeleza nilichofanya. Nimemaliza kuchimba upande wa nne, mbele, mpaka kwenye msingi. Dawa imeingia. Mfereji sasa unaizunguka nyumba yote.

Mizinga nimeipanga kwenye mstari, kutoka langoni mpaka mlangoni. Alama zinatazama juu.

Saa sita bibi alifungua mlango. Amevaa kitenge chake cha kanisani. Alishika fremu, akalitazama baraza ambalo halipo tena, akanyoosha mkono. Nikamshusha. Hakunitazama. Alipita kwenye mizinga mmoja mmoja, anaisukuma kwa kidole cha mguu, umekufa, umekufa, mpaka mmoja wa mwisho karibu na lango. Alibisha kwa fundo la kidole. Ukalia. Mzima! Ule ni kiini kitupu, mti mwekundu mtupu. Babu aliuchonga vizuri ule.

Akarudi ndani. Nikasikia anafungua mfuko. Akatoka na nta na kigoda.

Amekaa hapo mpaka sasa, langoni, mzinga uko mapajani kama mtoto, anaupaka. Anapasha nta kwa viganja, anapaka. Hajaniambia neno tangu asubuhi. Sijui kama nimesamehewa. Sijui hata kama nilichofanya kinasamehewa kwetu. Nimeweka sikio kwenye fremu — kimya, kimya kabisa — na hapana mtu wa kumwambia.

Mawingu yamejikusanya upande wa Kwihara, meusi. Bibi ameyaona. Nimemwona akigeuza kichwa kutazama nyuma ya jiko, kwenye kichuguu chake, kisha akarudi kwenye nta.

Simu imelia sasa hivi. Baba mdogo. Ameshuka stesheni, anatafuta bodaboda. Sauti yake ina furaha. Amesema nimwandalie chai, amechoka, atakaa kwanza barazani apunge upepo.

Nimemwambia karibu baba mdogo, chai ipo.

Sijafunika kitu.